Samatta Ndani ya Gemu ya 2006

Mbwana Samatta, mshambuliaji wa Tanzania, alizaliwa Desemba 1992. Pro Evolution Soccer 6 (PES 6), gemu ya mpira ya kampuni ya Konami ya Japani, iliingia sokoni Ulaya Oktoba 2006, Samatta akiwa na miaka 13. Hakuwemo, na hakuweza kuwemo. Timu yetu ya taifa, Taifa Stars, yenyewe haikuwemo. Lakini ukiwasha gemu hiyo leo kwenye PlayStation 2 (PS2) ambayo mwenyewe ameitunza, unaweza kumkuta Samatta amepangwa mbele, jina limeandikwa sawasawa, anatumia mguu wa kulia, kasi anayo. Mashabiki ndio waliomwingiza, kwa mkono, tarakimu moja baada ya nyingine.

Watu wazima wengi wakiwaona vijana wa Ijumbi, wa Muleba mjini au wa Bukoba wameizunguka televisheni ya kichogo, wakicheza gemu iliyotoka kabla baadhi yao hawajazaliwa, huamua haraka kwamba hiyo ni shida tu: wangepata mashine mpya wangeitupa hiyo kuukuu. Shida ina sehemu yake, sikatai. Ila haitoshi kulieleza jambo hili, kwa sababu hata kule ambako fedha ya mashine mpya ipo, mapenzi hayohayo yapo.

Mfano maarufu unatoka kwenye mchezo ambao huku kwetu haujulikani, hoki ya barafuni. Timu mbili za watu sita sita, kipa akiwemo, huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma, wakikigombea kwa magongo kisahani cha mpira mgumu. Afrika Mashariki unachezwa Nairobi, kwenye uwanja wa barafu wa Hoteli ya Panari uliofunguliwa mwaka 2005, na timu ya huko huitwa Ice Lions. Mwaka 1993 kampuni ya Marekani ya Electronic Arts ilitoa gemu ya mchezo huo iitwayo NHL '94, kwa mashine za Sega na Nintendo. Kaseti ya Sega ilibeba megabaiti 1 tu. Picha moja unayopiga kwa simu leo huenda ikawa nzito kuliko gemu hiyo nzima. Hata hivyo, zaidi ya miaka 30 baadaye, Wamarekani na Wakanada wenye umri wa kuwa wazazi bado wanaandaa mashindano yake, na kuna wanaobadilisha vikosi vyake kila msimu ili viendane na ligi ya sasa.

Nini kiliwashika? Toleo lile lilileta uwezo wa kupiga shuti pasi inapofika, kwa mguso mmoja, kabla kipa hajajipanga. Likaondoa ngumi zilizokuwemo katika matoleo ya nyuma, na wapo waliolalamika, lakini mchezo ukawa mwepesi na wa kasi. Ndani yake mchezaji wa Chicago, Jeremy Roenick, aliwekewa uwezo mkubwa hata akawa jina la hadithi kwa watu ambao hawakuwahi kumwona akicheza barafuni. Kulikuwa pia na kosa la hesabu: uzito wa wachezaji ulifanya kazi kinyumenyume, mwepesi akawa anamwangusha mzito. Mashabiki walipoligundua hawakuitupa gemu. Walijifunza kulitumia, na likawa sehemu ya maarifa yanayomtenganisha mkongwe na mgeni. Mwaka 2020 Electronic Arts wenyewe waliirudisha ile ya zamani kama zawadi kwa walioagiza mapema toleo jipya, ikiwa na timu za mwaka huo wa 2020.

Huku kwetu nafasi hiyo imeshikwa na PES kwenye PS2, na sababu zinafanana kuliko mtu anavyoweza kudhani.

Ya kwanza iko kwenye vidole. Ukibonyeza kitufe, mchezaji anageuka papo hapo. Picha ya PS2 huchorwa upya mara 50 au 60 kwa sekunde, na televisheni ya kichogo huonyesha mawimbi yanavyofika, haiyazuii. Televisheni bapa hufanya vingine. Hupokea picha ndogo ya kizamani, huitanua ijae kioo, huisafisha, ndipo iionyeshe. Kazi hiyo huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini mchezaji mzoefu huihisi. Anabonyeza shuti, mguu unachelewa, beki amefika. Kwa hiyo kijana anayeng'ang'ania televisheni ya kichogo kwa ajili ya PS2 hajabaki nyuma. Amechagua chombo kinachofaa, na kifizikia yuko sahihi.

Ya pili ni kwamba gemu hizi zinaeleweka. PES 6 humpa kila mchezaji tarakimu zaidi ya 20, kuanzia nguvu ya shuti na kasi hadi stamina na usahihi wa pasi, na kikomo ni 99. Adriano wa Inter alipewa 99 kwenye nguvu ya shuti, na aliyewahi kufungwa naye kutoka mita 30 hahitaji kuelezwa zaidi. Kabla ya mechi kila mchezaji ana mshale unaoonyesha hali yake ya siku hiyo. Mwekundu unaotazama juu maana yake mpange, uliogeuka chini maana yake mwache benchi hata kama ni nyota. Kila kitu kiko wazi, na ukifungwa unaweza kueleza kwa nini, na wenzako wakakubali au wakakubishia. Gemu za siku hizi hubadilishwa hesabu zake za ndani kupitia masasisho. Ulichojifunza mwezi huu kinaweza kisifanye kazi mwezi ujao, wala hukuulizwa. Linganisha na mchezo wa bao: lina mashimo 32 na kete 64, na babu aliyelijua ujanani analijua leo. Angeliheshimu vipi kama kila Septemba lingetoka bao jipya lenye sheria nyingine?

Sababu ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nami nitakaa nayo.

Konami hawakuwa na haki ya kutumia majina ya klabu zote. Katika PES 6, Arsenal na Manchester United ziliitwa kwa majina yao, lakini Chelsea iliitwa London FC na Liverpool ikawa Merseyside Red. Ili kufidia pengo hilo waliweka ndani ya gemu sehemu ya kuhariri. Unaweza kubadili jina la timu, kuchora nembo, kupaka jezi rangi, kumhamisha mchezaji, kumtengeneza mchezaji mpya kuanzia nywele hadi mguu anaoutumia. Kazi yako yote huhifadhiwa kwenye memori kadi, kijisanduku cha megabaiti 8 kinachochomekwa juu ya tundu la pedi. Waliweka mlango huo ili kuziba tatizo la leseni, lakini ndio ulioipa gemu yao maisha marefu.

Fikiria kazi ya kumwingiza Samatta. Kuandika jina ni dakika moja. Kisha unafika kwenye tarakimu, na hapo kibanda kizima cha gemu kinaingia kwenye ubishi. Kasi yake iwe ngapi? Mwenye mapenzi anasema 95. Mwingine anauliza, kama Samatta ni 95, Eto'o aliyewekwa na Wajapani wenyewe atabaki ngapi? Nguvu ya kichwa je, baada ya goli alilowafunga Bournemouth kwa kichwa akiwa Aston Villa, Februari 2020? Ukimzidishia, gemu inaharibika, kila mtu atamchukua yeye. Ukimpunja, umemkosea mtu aliyetoka hapa hadi Ligi Kuu ya England. Vijana wanaobishana hivyo wanafanya kazi ya mtunga gemu: wanapima uwezo wa binadamu kwa namba na kulinda mizani ya mchezo mzima. Mimi naona hakuna darasa la takwimu lililo bora kuliko hilo kwa kijana wa kidato cha pili, na nasema hivyo nikijua kabisa kwamba muda wa masomo anatakiwa awe shuleni na si kibandani.

Mtu akishaingiza mikono yake kwenye kitu, hakiachi kirahisi. Ndiyo maana gemu iliyofungwa, hata ikiwa na picha nzuri kiasi gani, hupendwa kwa msimu mmoja. Mwaka 2021 Konami walilizika jina la PES wakaleta eFootball, ya bure lakini ya kutegemea intaneti. Siku za mwanzo ilikuwa na kasoro nyingi, nyuso za wachezaji zikiwa zimepindapinda, hadi kampuni ikaomba radhi. Kasoro zilirekebishwa baadaye. Ila kwa mtu wa Ijumbi tatizo la msingi lilibaki palepale: bando likiisha, mpira umeisha. PS2 inataka umeme tu, na hata huo, kwa mkoa wetu, ambao kwa miaka mingi ulilishwa na laini inayotoka Uganda badala ya gridi ya taifa, si jambo dogo.

Mashine yenyewe inazeeka. Sony walitangaza mwisho wa kuitengeneza PS2 Januari 2013, wakiwa wameuza zaidi ya milioni 150, na Konami wakaendelea kuitolea PES hadi toleo la 2014. Kinachokufa kwanza ni lenzi inayosoma diski. Vumbi na miaka huidhoofisha, ikaanza kukataa diski moja moja, mwisho zote. Hapo ndipo mafundi wetu wanapostahili sifa ambayo hawapewi. Kuna programu ya wapenzi iitwayo Free McBoot, inayokaa ndani ya memori kadi na kuifanya mashine iwake bila kutegemea diski, na nyingine iitwayo Open PS2 Loader inayosoma gemu kutoka kwenye flashi. Tundu la flashi la PS2 ni la kizazi cha kwanza, ni la polepole kuliko diski yenyewe, ndiyo maana katika baadhi ya gemu sauti au video ya mwanzo hukwamakwama. Ukiona hivyo usimlaumu fundi. Mwenye PS2 ile nene ya mwanzo anaweza kuwekewa hadi diski kuu, na tatizo hilo likaisha.

Na siku mashine ya mwisho itakapokufa, gemu haitakufa nayo. Mwaka 2012 Mswidi Henrik Rydgård alitoa PPSSPP, programu inayoifanya simu ijifanye PSP, ile mashine ndogo ya mkononi ya Sony. Programu ya aina hii huiga kichakataji cha mashine ya zamani amri kwa amri, kwa hiyo gemu yenyewe haijui kwamba iko ndani ya simu. PES ya PSP ndiyo iliyobebwa huko, ikavishwa jezi mpya mwaka hadi mwaka, na yapo matoleo ya mashabiki yenye Simba, Yanga na Azam. Kijana anaiita ya mwaka huu, lakini ukichimba chini unakuta injini ni ileile ya zaidi ya muongo mmoja uliopita.

Hapa kuna suala la sheria, na silifichi. Kunakili gemu na kuigawa bila idhini ni kuvunja hakimiliki, kwa Tanzania kama kwingine, na anayeuza nakala hizo anauza kazi ya mtu mwingine. Lakini msomaji ajue pia kwa nini mtu hawezi tu kwenda kununua PES 6 kihalali dukani. Gemu ya mpira imejengwa juu ya leseni za majina, nembo na sura, na leseni hizo zina muda. Zikiisha, kampuni haiwezi kuendelea kuiuza bila kulipia upya wachezaji ambao wengi wameshastaafu. Haina faida, basi inaondolewa. Filamu ya 2006 unaipata na kitabu cha 2006 unakipata, ila gemu ya mpira ya 2006 hubaki mikononi mwa walioinunua wakati ule na wale waliowarithi. Naamini sheria zetu zingepaswa kumtenganisha mfanyabiashara wa nakala na mtu anayehifadhi kitu ambacho mwenye haki ameacha kukiuza. Kwa sasa haziwatenganishi vya kutosha.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye vibanda na kwa kila aliyewahi kukaa usiku akihariri kikosi. Memori kadi, hasa zile zisizo za Sony, hupoteza kumbukumbu bila kutoa taarifa, na faili la kikosi ulichokitengeneza ni kazi yako mwenyewe. Mwombe fundi aliyekuwekea Free McBoot akufungulie programu ya uLaunchELF, anakili faili hilo kwenye flashi, kisha lihifadhi pia kwenye kompyuta au simu. Ni kazi ya dakika chache. Andika na tarehe, na jina la aliyezipanga tarakimu za Samatta.