Mtawala Naye ni Mwenye Dhambi: Utangulizi

Kitabu hiki kinahusu ugomvi wa ndugu. Nchini Marekani wahafidhina na walibertari wamepiga kura pamoja kwa miongo mingi, huku wakitofautiana kuhusu kazi hasa ya serikali. Mhafidhina anaiona familia, desturi na dini kuwa urithi ambao sheria inapaswa kuulinda. Mlibertari anataka dola izuie watu wasidhuriane wala kuibiana, kisha iwaache.

Kwa Mkristo, linalovutia ni kwamba wote wawili wanaweza kuanzia Edeni. Binadamu ameanguka, asema mhafidhina, kwa hiyo lazima azuiwe. Ni kweli, hujibu mlibertari, lakini mtawala naye ni mwana wa Adamu. Nani atamzuia yeye? Mmoja hufungua Warumi 13, kwenye mtumishi wa Mungu mwenye upanga. Mwingine hufungua 1 Samweli 8, ambapo nabii anawaonya Waisraeli kwamba mfalme wanayemtaka atawachukulia wana, mashamba na sehemu ya kumi ya nafaka. Mimi simwamini sana anayesoma sura moja tu kati ya hizo.

Ubishi huu ulishika moto katika jarida la National Review, lililoanzishwa na William F. Buckley mwaka 1955. Frank Meyer, aliyewahi kuwa mkomunisti, alishikilia kwamba mtu aliyelazimishwa kutenda mema hana wema wowote. Russell Kirk, mwandishi wa The Conservative Mind (1953), alijibu kwamba uhuru uliokatwa kwenye mila haudumu. Wote wawili waliishia Wakatoliki: Kirk mwaka 1964, Meyer mwaka 1972, akiwa karibu kufa.

Majaribio ya nadharia yapo pia. Pombe ilipigwa marufuku Marekani kuanzia 1920 hadi 1933, na Wamethodisti walikuwa mstari wa mbele kuidai sheria hiyo. Walibertari hupenda kulitaja anguko lake pamoja na Thomas wa Akwino, aliyefundisha katika karne ya 13 kwamba sheria ya binadamu haipaswi kukataza kila uovu, bali hasa ule mzito unaowadhuru wengine. Bahati mbaya wengi huachia hapo. Katika mjadala huohuo Thomas anaongeza kwamba sheria inakusudia kuwaongoza watu kwenye wema, ila polepole. Polepole kiasi gani, na kwa mkono wa nani? Sura ya kwanza inaanzia hapo.