Tanuri la Saruji na Hesabu za “Moto Kiasi”

Akili bandia ikitajwa katika mipango ya viwanda vya Afrika Mashariki, mazungumzo huishia kwenye programu za kuandika na kuchora. Tawi la utafiti ambalo kwa miongo kadhaa limekuwa likiendesha mitambo mizito duniani halisikiki kabisa. Tawi hilo ni mantiki ya fazi, lililozaliwa California mwaka 1965, na ndugu zake wanaoitwa kwa pamoja ukokotoaji laini: mitandao ya neva na mbinu za kompyuta zinazoiga uteuzi wa asili. Katika mantiki ya fazi, kauli inaweza kuwa kweli kwa kiwango fulani. Joto linaweza kuwa “juu” kwa 0.7 na “la kawaida” kwa 0.3 kwa wakati mmoja, na amri inayokwenda kwenye mtambo hutokana na kupima viwango hivyo kwa pamoja. Katikati ya miaka ya 1970 mhandisi mzaliwa wa Tanzania aliyekuwa akifundisha London alionyesha kuwa injini ndogo ya mvuke inaweza kudhibitiwa kwa kanuni za aina hiyo, zilizoandikwa kwa maneno ya kawaida. Muongo haukwisha kabla wahandisi wa Denmark hawajaijaribu mbinu hiyo kwenye tanuri la saruji. Sifa nyingi zimekwenda kwa Wajapani, kwa treni ya Sendai ya mwaka 1987 na mashine za kufulia zilizofuata. Lakini saruji ilitangulia, na kwa msomaji wa ukanda huu hapo ndipo mahali pa haki zaidi pa kuupima utafiti huu na ahadi zake.

Tanuri la saruji ni bomba la chuma linalozunguka polepole, lililotandikwa matofali ya kuhimili moto, ambamo mawe ya chokaa na udongo huchomwa hadi kufikia nyuzijoto 1,450 hivi za Selsiasi ili kupata klinka, yaani vijiwe vinavyosagwa kuwa saruji. Ndani humo vipimo haviaminiki: vumbi huziba vyombo, na majibu ya maabara kuhusu chokaa huru, yaani chokaa iliyoshindwa kuungana na madini mengine, hufika wakati klinka husika imeshatoka. Mwendesha tanuri mzoefu huliziba pengo hilo kwa kutazama rangi ya mwali, mzigo wa mota inayozungusha tanuri na gesi zinazotoka nyuma, kisha huongeza makaa kidogo au kupunguza mvuto wa feni. Ujuzi huu ulikuwa umeandikwa hata kabla ya kompyuta. Kitabu kimoja cha mafunzo cha Kimarekani cha miaka ya 1970 kiliorodhesha hali 27 za tanuri na hatua ya kuchukua katika kila moja, na orodha hiyo ndiyo iliyowapa Wadenmark mahali pa kuanzia. Kwa hiyo mfumo unaouzwa leo kama teknolojia ya kisasa una kiini cha busara ya mafundi wa zamu. Jambo hili lina uzito wa kibiashara, na nitalirudia.

Wauzaji wa mifumo hii hujitangaza kwa asilimia za mafuta zinazookolewa. Hoja yao ina msingi: nishati hubeba kama asilimia 30 hadi 40 ya gharama ya kutengeneza saruji, na tanuri la kisasa hutumia gigajoule tatu na ushee kwa tani ya klinka, ilhali kemia yenyewe inadai chini ya mbili. Tatizo ni mpimaji. Mara nyingi anayetoa takwimu ya akiba ndiye aliyeuza mfumo, na tanuri hulinganishwa na miezi yake mibaya kabla ya kufungwa mtambo mpya. Mfanyabiashara mmoja wa jumla wa saruji katika Kanda ya Ziwa, ambaye hakutaka jina lake litajwe, analiangalia suala hili kwa jicho la mtu aliye mwisho wa mnyororo. Analalamika kwamba kila baada ya muda mawakala huambiwa kiwanda kimeboresha uzalishaji, lakini bei ya mfuko wa kilo 50 haijawahi kushuka kwa sababu hiyo. Analipa kwanza, anapanga malori, kisha anapigiwa simu kuwa tanuri limesimama na mzigo utachelewa. Malori yanalala foleni, dereva anadai posho, na mteja wake mjenzi anahamia duka lingine. Kwa hesabu zake, siku za kusubiri humlia faida kuliko bei yenyewe. Asilimia ya makaa yaliyookolewa hajaiona, na haamini kuwa ataiona.

Malalamiko haya yanaonekana madogo, lakini kwa maoni yangu yanatoa kipimo bora kuliko kile cha wauzaji. Tanuri likisimama bila kupangwa, matofali hupoa na kupasuka, na kulipasha tena taratibu huchukua saa nyingi, mara nyingine zaidi ya siku nzima. Faida kubwa ya udhibiti wa fazi ni utulivu: joto lisilopanda na kushuka hovyo hulinda matofali na kuongeza siku za kufanya kazi kati ya matengenezo. Mwishoni mwa mwaka 2020, bei ya saruji ilipopanda ghafla Tanzania, kusimama kwa viwanda kwa ajili ya matengenezo kulitajwa miongoni mwa sababu. Maofisa huwa wepesi kujibu hali kama hiyo kwa uwezo uliosimikwa, kwamba viwanda vilivyopo vinaweza kuzalisha kuliko mahitaji. Uwezo uliosimikwa ni namba ya kwenye kibao cha mtambo. Hausemi tanuri liliwaka siku ngapi. Namba ya siku ndiyo ambayo mnunuzi angeihitaji, na ndiyo adimu kuipata hadharani.

Kuna wanaosema mantiki ya fazi imepitwa na wakati, kwamba mitandao ya neva iliyofunzwa kwa data nyingi itaifuta. Pingamizi hilo lina nguvu upande mmoja. Kanuni za maneno huongezeka haraka mno: vigezo vitano vyenye viwango vitatu kila kimoja vinaweza kudai kanuni 243, na vikifika kumi, kanuni hupita 59,000. Hakuna fundi atakayeziandika zote. Ndiyo maana mifumo ya sasa huchanganya, mtandao wa neva ukikisia chokaa huru kabla ya jibu la maabara na kanuni za fazi zikiamua hatua. Lakini mtandao hujifunza kwa data ya jana, na nishati ya ukanda huu haitulii. Mwaka 2016 Tanzania ilipozuia makaa ya mawe kutoka nje, viwanda vililazimika kuzoea makaa ya nchini. Magharibi mwa Uganda maganda ya kahawa yamechomwa tanurini kwa miaka. Kila mafuta yakibadilika, data ya zamani hupoteza thamani, na kanuni anayoweza kuisoma na kuirekebisha fundi aliye zamu inakuwa na faida ya wazi.

Pingamizi zito zaidi ni kuwa viwanda vingi vya saruji hapa havina tanuri kabisa. Vinanunua klinka na kuisaga. Kwa hivyo utafiti wa tanuri hauvigusi moja kwa moja. Tozo ya asilimia 17.5 ambayo Kenya iliiweka mwaka 2023 juu ya klinka kutoka nje ilikusudiwa kuvisukuma vizalishe nyumbani. Ikiwa itazaa matanuri mapya au bei ya juu tu, ni mapema kusema, na wasagaji wana sababu ya kushuku. Hata kuhusu mazingira, ahadi za wauzaji zipunguzwe: karibu sehemu sita kwa kumi za kaboni ya saruji hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe, na hakuna kidhibiti kinachoweza kuigusa.

Kwa viwanda vyenye tanuri, linabaki swali la nani anamiliki ule ujuzi wa mafundi niliosema nitaurudia. Kanuni zinazokusanywa kwa waendesha tanuri wa Tanga, Mbeya au Mombasa zinaweza kufungiwa ndani ya programu ambayo kiwanda hakiruhusiwi kuifungua, na mkataba wa huduma ukiisha, marekebisho madogo yakadai mtaalamu kutoka ng’ambo. Vyuo vyetu vya uhandisi vinafundisha mantiki ya fazi, lakini mazoezi mengi huishia kwenye kompyuta ya darasani kwa sababu kumbukumbu za tanuri halisi ni siri ya biashara. Mkataba unaweza kuandikwa vingine: kanuni zibaki mali ya kiwanda, kumbukumbu za mwaka uliopita zitolewe kwa watafiti bila siri za bei, na malipo ya mwisho ya muuzaji yafungwe kwenye siku ambazo tanuri liliwaka bila kusimama. Baadhi ya wauzaji huenda wakakubali, kwa kuwa ushindani ni mkali. Kwa viwanda vilivyokwisha kutia saini, nafasi hiyo itabidi isubiri mkataba ujao.