Bati, Chokaa na Hesabu ya Dunia

Saa saba mchana. Darasa halina dari, bati liko juu na wanafunzi wako chini yake wakijipepea kwa madaftari. Wengi wetu tungesema tu "bati lina joto", tukanyamaza. Anayesoma fizikia ya mazingira chuoni hapewi ruhusa ya kuishia hapo. Somo lake la kwanza humtaka aulize kama karani wa duka: joto limeingia kiasi gani, limetoka kiasi gani, na lililobaki liko wapi?

Bati jipya hung'aa hadi linaumiza macho, maana yake linarudisha sehemu nzuri ya mwanga wa jua. Kwa nini basi ukiligusa mchana linaunguza?

Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwezi wa Oktoba. Siku hizo, mbingu ikiwa safi, kila mita mraba ya paa hupokea takriban wati 1,000, kama vile mtu ameweka pasi ya umeme juu ya kila mita. Joto linalofyonzwa na bati lina njia tatu za kutoka. Huchukuliwa na upepo, hushuka chumbani, au hurushwa juu kama infraredi, mionzi ile isiyoonekana ambayo unaihisi usoni ukichutama mbele ya jiko la mkaa.

Njia hii ya tatu ndiyo inayolishinda bati. Mwaka 1859 Mjerumani Gustav Kirchhoff alionyesha kwamba kitu kisichofyonza vizuri aina fulani ya mionzi hakiwezi pia kuitoa vizuri. Chuma kinachong'aa hufukuza infraredi inapokuja, kwa hiyo chenyewe huitoa kwa shida. Bati lina mkono wa birika: halipokei sana, lakini kilichoingia hakitoki.

Lipake chokaa nyeupe uone. Chokaa hurudisha mwanga mwingi zaidi, na kwa upande wa infraredi hukunjua mkono, ikatoa karibu yote inayowezekana kutolewa. Paa likapoa, na darasa likapumua.

Kuna kanuni nyingine mwanafunzi huyu huishika mapema. Mwaka 1879 Josef Stefan alibaini kwamba mionzi ya joto hukua kwa kipeo cha nne cha halijoto, ikipimwa kwa kelvini. Uso unaotoa mionzi kikamilifu ukiwa na nyuzi joto 27 hutoa wati 459 kwa kila mita mraba. Ukifika nyuzi 57, hutoa wati 672. Kadiri kitu kinavyopata moto ndivyo kinavyoutoa kwa kasi, mpaka mapato na matumizi yalingane. Hapo halijoto hutulia.

Hesabu hiyohiyo ndiyo ya Dunia nzima, tena kwa namna fulani ni nyepesi zaidi, kwa sababu nje ya angahewa hakuna upepo wa kuchukua joto. Mlango wa kutokea umebaki mmoja, infraredi. Ukigawa mwanga wa jua juu ya tufe lote, usiku na mchana, kila mita mraba hupata wastani wa wati 340. Mawingu, barafu na mchanga hurudisha asilimia 30 hivi, zikabaki wati 240. Mwanafunzi akiziingiza kwenye kanuni ya Stefan anapata nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa hesabu hiyo Ziwa Victoria lingekuwa barafu.

Wastani halisi ni nyuzi 15 hivi juu ya sifuri. Tofauti ya nyuzi 33 ni kazi ya angahewa, hasa mvuke wa maji na hewaukaa. Mwaka 1856 Mmarekani Eunice Foote aliweka juani mitungi ya kioo yenye vipimajoto. Ule wenye hewaukaa ulipanda joto zaidi kuliko wenye hewa ya kawaida, na ulipoondolewa juani ulichelewa sana kupoa. Miaka mitatu baadaye John Tyndall alipima jinsi gesi hizo zinavyonasa infraredi. Kabla ya viwanda, hewaukaa ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila milioni. Leo imepita 420. Mlango wa kutokea joto unazidi kubana.

Mwanasayansi Syukuro Manabe alikokotoa mlango huo kwa kompyuta. Mwaka 1967, pamoja na Richard Wetherald, alionyesha kwamba hewaukaa ikizidishwa mara mbili, halijoto ya Dunia hupanda kwa zaidi ya nyuzi 2. Mwaka 2021 akapewa sehemu ya Tuzo ya Nobel, na tuzo hiyo ilikuwa ya fizikia.

Hili lafaa kumfikia kijana wa kidato cha sita anayedhani fizikia itampeleka kwenye nyaya na mitambo tu, na kwamba mazingira ni somo la kupanda miti na kuokota plastiki. Chuoni atakuta thermodinamiki, mwendo wa vimiminika, takwimu na kuandika programu za kompyuta. Yote hayo yatamwezesha kumjibu mwalimu mkuu anayeuliza kama pesa ya chokaa itakuwa imepotea bure.

Jibu hilo halikai kwenye karatasi. Masika huosha chokaa, na vumbi la kiangazi na masizi ya jikoni hulitia rangi paa lililokuwa jeupe. Kwa hiyo kazi ya mwanafunzi huyu haiishi kwa kupaka. Mvua zikikatika, ataegemeza tena ngazi ukutani, kipimajoto mfukoni, apande akahakikishe kama hesabu ya mwaka jana bado inasimama.