Sarafu Iliyojivunia Mauaji

Wengi wetu tukipewa chenji dukani huitia mfukoni bila kuitazama. Wakusanyaji wa sarafu za kale za Warumi hufanya kinyume. Kwao sarafu ni gazeti la zama zisizokuwa na gazeti wala redio. Mtawala aliyetaka habari zake zifike mbali alizichapa juu ya fedha, nayo fedha ikazitembeza mkono kwa mkono.

Leo nazungumzia sarafu moja tu.

Mwanzoni mwa mwaka 44 K.K., Julius Caesar alifanywa dikteta wa maisha mjini Roma, na sura yake ikachapwa kwenye sarafu. Halikuwa jambo dogo. Hadi hapo sarafu za Roma zilibeba sura za miungu na za watu waliokwisha kufa. Kuchapa sura ya aliye hai ilikuwa desturi ya wafalme, na Warumi walikwisha kuwafukuza wafalme wao karne nyingi nyuma. Tarehe 15 Machi mwaka huohuo, maseneta wakiongozwa na Brutus na Cassius walimuua kwa majambia, wakidai wanaikomboa jamhuri.

Mwaka 42 K.K. Brutus alikuwa vitani, akihitaji fedha za kuwalipa askari. Akatoa sarafu yenye majambia mawili, na kati yake kofia waliyovaa watumwa walioachwa huru. Chini yake pameandikwa EID MAR, ufupisho wa Kilatini wa tarehe ile ya 15 Machi. Hata askari asiyejua kusoma alielewa: majambia haya ndiyo yaliyoleta uhuru.

Na upande wa pili je? Sura ya Brutus mwenyewe, naye angali hai! Ama kweli, nyani haoni kundule. Oktoba mwaka huohuo alishindwa vitani huko Philippi, Ugiriki ya kaskazini, akajiua.

Si kila sarafu ya Kirumi ni adimu. Zile ndogo za shaba za karne ya nne zipo kwa maelfu na bei yake si kubwa. Umri pekee hauleti thamani. Lakini za dhahabu zenye majambia ya Brutus, zinazojulikana ni tatu tu. Moja iliuzwa mnadani London, Oktoba 2020, kwa zaidi ya pauni milioni 3.

Baadaye ikabainika kwamba hati za kueleza ilikotoka zilikuwa za kughushi. Machi 2023, waendesha mashtaka wa Manhattan, New York, waliikabidhi kwa Ugiriki.

Hapo ndipo penye somo, ndugu msomaji. Sarafu inapochimbuliwa kwa siri usiku, dhahabu hubaki lakini habari hupotea. Ilizikwa wapi? Pamoja na nini? Je, ilikuwa akiba ya askari aliyekwenda vitani asirudi? Mwizi hajali kuandika hayo, na shimo likishafukuliwa halisomeki tena.

Kwa hiyo naona mkusanyaji wa kweli haanzi kwa kuuliza bei. Huuliza kwanza, imetoka wapi? Asiyeuliza humlipa mwizi ili akachimbe tena.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.