Kulinda Ubora na Usalama wa Ulezi wa Kimea

Kimea hutokana na punje hai. Ulezi uliopoteza uwezo wa kuota hautoi kimea kwa ajili ya togwa wala uji. Hivyo basi, kaya za Hanga na kwingineko mkoani Ruvuma zinazohifadhi ulezi wa kimea hazina budi kulinda mambo mawili kwa pamoja: uhai wa punje na usalama wa mlaji.

Adui wa yote mawili ni unyevu. Ulezi hustahimili wadudu kuliko mahindi, lakini ukihifadhiwa ukiwa na unyevu hupata joto, huota ukungu na hatimaye hufa. Baadhi ya kuvu hutoa aflatoksini, sumu isiyoonekana kwa macho wala kuondolewa kwa kupika. Mwaka 2016, watu 20 walifariki dunia katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumu hiyo.

Tunawashauri watumiaji kuzingatia yafuatayo:

1. Anikeni ulezi juu ya turubai hadi unyevu ufikie asilimia 13 au pungufu. Asiye na kipimo atikise ulezi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, kisha asubiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isiponata, aanike siku moja zaidi.

2. Wekeni magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Mfuko usiopitisha hewa utumike kwa ulezi uliokauka tu.

3. Kabla ya kuloweka, oteshwe punje 100 katika kitambaa chenye majimaji kwa siku tatu. Zikiota pungufu ya 90, ulezi huo, ikiwa hauna ukungu, usagwe unga.

4. Mbegu ya dukani iliyopakwa dawa isitumike kamwe kwa kimea. Rangi yake ni onyo, na kuiosha hakuifanyi kuwa salama.

5. Kausheni kimea mara kinapoota. Mizizi michanga ni myeupe na huchomoza nchani mwa punje. Ukungu hutanda kama pamba, au huwa wa kijani au mweusi.

Kimea chenye ukungu kisichanganywe na kizuri, wala kisilishwe mifugo, kwani aflatoksini hupita hadi kwenye maziwa. Kukitupa ni hasara ya debe moja. Kukitumia ni kuhatarisha afya ya familia nzima, watoto wakiwa wa kwanza.