Orodha Iliyofungwa kwa Kufuli

Sogeeni, wajukuu zangu wa hapa Kifaru, Upareni. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina kompyuta, na watu waliogombania orodha.

Intaneti ilipoanza kuingia majumbani kule Marekani miaka ya 1990, wazazi walihofia picha chafu. Mafundi wakawatengenezea programu za kuchuja: mtoto akiomba ukurasa, programu hutazama kwanza kama umo kwenye orodha ya kurasa zilizokatazwa. Ukiwemo, haufunguki. Mafundi hao hawakuwa watu wabaya. Hata mimi nataka mlindwe.

Vichujio vingine vilikagua maneno, na taabu ni kwamba kompyuta husoma herufi, haielewi maana. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kujiandikisha katika huduma ya intaneti ya AOL, kwa sababu ndani ya jina la mji wao mna herufi zinazounda tusi la Kiingereza. Kabla ya hapo AOL iliwahi kulipiga marufuku neno matiti, na wanawake wenye saratani ya matiti wakawa hawawezi kuutaja ugonjwa wao wenyewe.

Wakosoaji wakasema: tuonyesheni orodha zenu. Watengenezaji wakakataa. Ni mali yetu, walisema, tumeikusanya kwa gharama, na washindani wataiiba. Tena mtoto akiipata, atajua pa kwenda kutafuta uchafu. Hoja hiyo ya mwisho ina uzito, siwafichi.

Ndipo akatokea Bennett Haselton, kijana ambaye hakuwa hata na miaka 20. Mwaka huohuo wa 1996 alianzisha kundi la Peacefire, akaeleza wazi kwamba programu ya CYBERsitter ilizuia hata tovuti ya NOW, chama kikubwa cha kutetea haki za wanawake Marekani. Kampuni ikaiweka tovuti ya Peacefire nayo kwenye orodha! Hapo ndipo ninapokasirika. Mzazi alinunua kinga dhidi ya picha chafu, kumbe mwanawe anazuiwa pia kusoma lawama dhidi ya muuzaji.

Mwaka 2000, Eddy Jansson wa Sweden na Matthew Skala wa Kanada waliifungua orodha ya siri ya programu ya Cyber Patrol. Mmiliki wake alikuwa Mattel, kampuni ya wanasesere wa Barbie, naye akawafikisha mahakamani.

Huku Upareni, maji ya ndiva, yale mabwawa ya kumwagilia mashamba, hugawanywa kwa zamu. Shamba lako likikauka, unajua zamu ilikuwa ya nani na mzee gani wa kumwendea. Orodha ya siri haikupi mtu wa kumwendea, na pengine hujui hata kwamba umenyimwa kitu.

Baadaye programu hizi zikauzwa kwa nchi nzima nzima. Mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab, katika Chuo Kikuu cha Toronto, walieleza jinsi programu ya Netsweeper ya Kanada ilivyotumika kuzuia habari nchini Yemen wakati wa vita. Januari 2016 kampuni ikafungua kesi ya madai ya mamilioni ya dola, Aprili ikaiondoa. Watafiti hawakunyamaza. Mwaka 2018 walitaja nchi kumi walikoikuta programu hiyo ikizuia kurasa, zikiwemo Somalia na Falme za Kiarabu, waliko Watanzania wengi kikazi.

Nasi tumo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye intaneti kafe kuweka utaratibu wa kuchuja yaliyokatazwa. Basi siku ukiwa kwenye intaneti kafe mjini Mwanga au Same, unatafuta somo la saratani ya matiti kwa ajili ya kazi ya shule, na ukurasa ukakataa, usiondoke kimya. Nakili anwani yake kwenye karatasi, mwonyeshe mhudumu, umwulize kwa adabu ni nani aliyeuzuia na nani anaweza kuufungua. Kisha mpelekee mwalimu karatasi hiyo.