Hadithi za Upanga na Ushujaa: Nani Anaushika Upanga Mwishoni?

Katika makala haya tunakusudia kueleza aina moja ya hadithi inayopendwa sana na vijana, yaani hadithi za upanga na ushujaa, na jinsi inavyoweza kumsaidia mwalimu wa Kiswahili. Tunawafikiria hasa wenzetu wa Nyundo, karibu na Gisenyi, ambako wanafunzi wengi hukisikia Kiswahili kwanza sokoni na kwenye mpaka wa Goma, kabla ya kukikuta kitabuni.

Hadithi hizi zina sifa zinazojulikana. Kuna shujaa hodari wa silaha na mwepesi wa ulimi, adui mwenye hila, safari ya hatari, kutoroka kifungoni, na mwishoni pambano la watu wawili. Mara nyingi kuna pia mrithi aliyenyang'anywa haki yake, anayeishi kwa kujificha hadi siku ya kurudi. Huko Ulaya, Alexandre Dumas aliipa aina hii umaarufu kwa riwaya yake ya askari watatu wa mfalme wa Ufaransa (1844). Kwenye sinema, Douglas Fairbanks aliigiza Zorro mwaka 1920, na Errol Flynn akaigiza Robin Hood mwaka 1938.

Hata hivyo, tusidhani kwamba mambo haya ni mageni kwetu. Katika masimulizi ya pwani, Fumo Liyongo alitiwa gerezani. Mama yake akampelekea tupa ndani ya mkate, naye akakata minyororo huku kelele za ngoma zikiificha sauti ya tupa. Nchini Rwanda, masimulizi yanasema kwamba mfalme Ndahiro Cyamatare aliuawa Cyingogo, upande huo huo wa Gisenyi. Mwanawe, Ruganzu Ndoli, alikuwa amefichwa Karagwe kwa shangazi yake Nyabunyana. Alipokua akarudi, akaikomboa nchi. Mrithi aliyefichwa ndiye huyo.

Kwa upande wa vitabu, Kiswahili kiliipokea aina hii mapema kwa njia ya tafsiri. Mwaka 1929 Frederick Johnson alitoa "Mashimo ya Mfalme Sulemani", tafsiri ya riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885. Katika kisa hiki Waingereza watatu wanasafiri kumtafuta ndugu aliyepotea, wakifuatana na mtumishi aitwaye Umbopa. Baadaye inadhihirika kwamba Umbopa ndiye Ignosi, mfalme halali. Baba yake aliuawa na Twala, ndugu yake mwenyewe, na mama akakimbia na mtoto.

Hapa ndipo penye jambo la kuzingatia. Kwa kanuni za hadithi za namna hii, shujaa angepaswa kuwa Umbopa: ndiye aliyedhulumiwa, ndiye aliyejificha, ndiye aliyerudi. Lakini msimulizi ni Mwingereza, Allan Quatermain, na katika pambano la mwisho anayemuua Twala ni Mwingereza mwingine, Sir Henry Curtis. Mwenye haki anapewa kiti. Sifa ya kukipigania anapewa mgeni. Haggard aliandika katika enzi ambapo mataifa ya Ulaya yalikuwa yakigawana Afrika, na riwaya yake inaonyesha hivyo.

Mwaka 1950 kisa hiki kilitolewa kwa filamu ya rangi na kampuni ya MGM, Stewart Granger akiwa Quatermain. Sehemu yake ilipigwa Rwanda, huko Astrida, mji unaoitwa Huye siku hizi. Umbopa aliigizwa na Siriaque, na Twala na Baziga, wote wawili Wanyarwanda. Filamu hii ilibadilisha mwisho: wanaopigana ni Umbopa na Twala wenyewe, na Umbopa anashinda. Hatusemi kwamba filamu ilijitoa katika fikra za kikoloni, kwani Quatermain bado ndiye kiongozi wa kila jambo. Lakini katika dakika hizo chache, silaha imo mkononi mwa mwenyewe.

Je, tuviache vitabu hivi kwa sababu ya kasoro zake? Sisi tunaona sivyo. Tukiviacha, wanafunzi watakutana na visa vile vile kwenye video bila mtu wa kuwauliza swali. Tunapendekeza mwalimu aanze na Ruganzu na Liyongo, kisha alete Umbopa, na aulize darasa: nani anasimulia, na nani anaushika upanga mwishoni?

Kuna faida ya lugha pia. Hadithi hizi huendeshwa na kiambishi -ka-: akaruka, akachomoa upanga, akamkabili adui. Mwanafunzi anayejua kusalimiana na kupatana bei hupata hapa nafasi ya kusimulia matukio kwa mfuatano. Nyundo ina shule ya sanaa tangu mwaka 1959. Basi pambano lichorwe kwanza, kisha lisimuliwe. Halafu kila mwanafunzi aandike upya pambano la Umbopa na Twala, Umbopa mwenyewe akiwa msimulizi.

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, haja ya masomo ya kuvutia imeongezeka. Mwanafunzi akipewa nafasi ya kusimulia ushujaa wa kwao kwa Kiswahili, lugha hiyo haitakuwa tena ya mpakani tu, itakuwa yake.